Ulimi Unaoponya: Namna ya Kukemea, Kuomba Radhi na Kumtegemeza Mtu kwa Maneno

Doegi Mwedomi hakusema uongo. Alimweleza mfalme Sauli alichokiona kwa macho yake kule Nobu: kuhani Ahimeleki alimpa Daudi chakula na upanga wa Goliathi. Jambo moja hakuligusia, kwamba kuhani yule alidhani Daudi ametumwa na mfalme huyohuyo. Siku hiyo makuhani 85 waliuawa, na aliyeshika upanga ni Doegi mwenyewe (1 Samweli 22). Kichwa cha Zaburi ya 52 kinaikumbusha habari hii, na zaburi yenyewe inaufananisha ulimi wa namna hiyo na wembe.

Mafundisho mengi kuhusu ulimi huishia kwenye uongo na matusi. Mtu asiyetukana wala kudanganya hutoka ibadani akiamini somo la leo halikumhusu. Kumbe majeraha mengi yanayoletwa kwa mchungaji, padre au mshauri yalifanywa na maneno ya kweli kabisa, ila yalisemwa mbele ya asiyehusika, au saa mbaya, au yalikatwa nusu kama ya Doegi. Kwa hiyo pamoja na kuuliza kama neno ni kweli, uliza pia linakwenda kwa nani na linakwenda kufanya nini.

Chujio la kabla ya kusema

Waefeso 4:29 ndio mstari unaofaa zaidi kwa kazi hii, na watu huunukuu nusu. Nusu ya kwanza inakataza neno "ovu". Kwa Kigiriki ni *sapros*, neno ambalo Mathayo analitumia kwa mti mbovu (7:17) na kwa samaki waliotupwa nje wavuvi walipochagua (13:48). Ni neno la kitu kilichoharibika, ambacho ukimpa mtu ale kitamdhuru hata kama umempa kwa tabasamu. Nusu ya pili inasema neno jema lina kazi gani: limfae mwenye kuhitaji, na liwape neema wanaosikia. "Wanaosikia" ni wingi. Aliyekaa pembeni naye anahesabiwa.

Ukiwa na neno gumu mdomoni, lipitishe kwenye maswali haya:

- Nani analihitaji? Jibu likiwa "mimi, ili nipumue", lipeleke kwa Mungu kwanza. Zaburi ya 13, ya 55 na ya 109 ni maneno makali mno, na yaliandikwa yasemwe huko.
- Akishalisikia, ataweza kufanya nini kesho asubuhi ambacho leo hawezi? Usipopata jibu, hilo si onyo bali ni hukumu.
- Nani mwingine atalisikia, na atalifanyia nini?
- Je, mimi ndiye wa kulisema? Mara nyingine yupo anayeaminika zaidi na mhusika, na heshima iko katika kumwachia yeye.

Kuhusu muda, Maandiko yanaweka mipaka miwili. Yakobo 1:19 anataka mtu awe mwepesi wa kusikia, asiwe mwepesi wa kusema. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu wenu haujawatoka. Ukiyasoma pamoja unapata nafasi ya saa kadhaa, si dakika mbili na si miezi miwili. Kama jambo lenyewe haliwezi kumalizika siku hiyo, sema hivyo kabla ya kulala: "Tuna jambo la kuzungumza, sitaki tulizungumze nikiwa na hasira. Kesho jioni tukae." Sentensi hiyo inatimiza agizo la jua bila kulazimisha mazungumzo ya usiku wa manane, ambayo kwa kawaida huzaa maneno mabaya kuliko yale yaliyoanzisha ugomvi.

Ujumbe wa simu una hatari yake. Uandike, usiutume, kisha usome kwa sauti, ukijifanya wewe ndiye uliyeupokea ukiwa umechoka na unamwogopa aliyekutumia. Maandishi hayabebi sauti yako ya upole. Msomaji huyasoma kwa sauti aliyo nayo yeye kichwani. Ujumbe wa sauti nao haukuokoi, kwa maana unabeba hasira yote na unaweza kupelekwa kwa watu wengine ukiwa na sauti yako mwenyewe ndani yake.

Utani? Mathayo 12:36 inazungumzia "neno lisilo maana", na watu wengine wamelifanya kuwa marufuku ya kucheka. Neno la asili, *argos*, ndilo hilohilo linalotumika kwa wale waliosimama sokoni bila kazi katika Mathayo 20:3. Ni neno lililokaa bure, halimfanyii mtu yeyote jambo jema. Utani unaomfanya mgeni ajisikie nyumbani umefanya kazi yake. Ule unaochekesha chumba kizima isipokuwa mmoja, huo ndio utakaotolewa hesabu.

Umbea uliovaa kanzu

Masengenyo kanisani hayaji kwa jina lake. Huja kama ombi: "Tumwombee dada fulani, mambo ya nyumbani kwake si mazuri." Kufikia jioni watu 40 wanajua ndoa ya mtu ina shida, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kupiga goti.

Kabla ya kutoa hitaji la mtu mwingine kwa kikundi, mwulize: "Naomba ruhusa nikuombee pamoja na wenzangu. Nikiwaambia niseme nini?" Kisha sema hayo tu aliyokupa. Akikataa, omba peke yako. Ruhusa ya kumwambia mchungaji si ruhusa ya kuliambia kundi la WhatsApp. Kama huwezi kumpata uulize, sema kwa ufupi: "Kuna mtu anapita mahali pagumu, tumwombee", na ukiulizwa ni nani, usitoe hata dokezo. Mungu hahitaji maelezo ya ziada ili kumtambua.

Mafundisho ya Kikatoliki hutenganisha makosa matatu ambayo kwa mazungumzo ya kawaida tunayachanganya. Hukumu ya haraka ni kuamini ubaya wa mtu bila ushahidi wa kutosha, hata ukikaa nao moyoni. Masengenyo ni kutoa kosa la kweli la mtu kwa wasiolijua, bila sababu ya haki. Masingizio ni kusema uongo unaoharibu jina lake. Tofauti hii ina faida, kwa sababu la katikati ndilo ambalo watu hujitetea kwa kusema "lakini ni kweli". Martin Luther naye, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye katazo la kushuhudia uongo; alidai kwamba tumtetee jirani, tumseme vizuri na tulifasiri kila jambo lake kwa upande ulio mwema. Kumbuka kwamba amri hiyo kwa Wakatoliki na Walutheri ni ya nane, na kwa Wakristo wengine wengi ni ya tisa, hivyo watu wasibishane wakati wanazungumzia amri ileile.

Ukiletewa habari ya mtu, unalo jibu moja linalozima karibu kila kitu: "Umeshaongea naye mwenyewe?" Likishindwa, ongeza: "Nikimwuliza, niseme ni wewe uliyeniambia?" Mithali 26:20 inasema moto hufa kwa kukosa kuni. Huhitaji kumhubiria mleta habari wala kumwaibisha. Usiongeze tu ukuni. Na ukisikia upande mmoja ukashawishika kabisa, soma Mithali 18:17 kabla hujasimama upande wowote: wa kwanza kujitetea huonekana ana haki, hadi mwenzake anapokuja.

Kuonya juu ya hatari si masengenyo. Ukijua kwamba mtu amekuwa akiwadhuru watoto, au anakusanya fedha za waumini kwa ulaghai, kunyamaza ndiyo dhambi. Kipimo ni hiki: mwambie mwenye uwezo wa kuzuia madhara, mwambie ulichokiona bila kukitia chumvi, na usimwambie mwingine kwa kujifurahisha.

Kumkemea ndugu

Walawi 19:17 inashangaza ukiisoma polepole. Inakataza kumchukia ndugu moyoni, kisha papo hapo inaamuru kumkemea. Kwa hiyo anayenyamaza huku ananung'unika moyoni hajachagua njia ya upole. Ameiweka chuki mahali isipoonekana.

Hatua za Mathayo 18:15-17 zinajulikana na wengi, lakini utekelezaji wake ndio unaoharibika. Ya kwanza ni wewe na yeye peke yenu. Tafuta mahali ambapo anaweza kulia bila kuonwa na kuondoka bila kupita mbele za watu. Epuka muda mfupi kabla ya ibada, kabla ya safari, au mbele ya watoto wake. Mwambie mapema kwamba una jambo, bila kumwacha akiteseka kwa kubahatisha wiki nzima. Siku moja inatosha.

Ukifika, leta jambo moja. Ukileta matano, atajibu lile dhaifu na manne yatapotea. Sema tendo, siyo tabia. Ukimwambia "Wewe si mwaminifu", umempa shtaka ambalo hana njia ya kulijibu ila kukasirika. Lakini ukisema, "Jumapili uliniambia umeshakabidhi sadaka ya vijana, mweka hazina anasema hajaipokea", umempa jambo linaloweza kuelezwa, kukiriwa au kurekebishwa. Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi hushindwa: kimya cha sekunde kumi kinawatisha, wanaanza kulifafanua neno lao wenyewe, na mwisho wamelilainisha mpaka halina maana au wamelirudia mpaka limekuwa kipigo. Mithali 18:13 huiita aibu kujibu kabla ya kusikia, na kumhukumu mtu kabla hajajieleza ni jamaa ya aibu hiyo.

Nabii Natani alipomwendea mfalme Daudi kumkemea (2 Samweli 12) alitumia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, Daudi akajihukumu mwenyewe kabla hajajua anahukumiwa. Njia hii inafaa kwa mtu mwenye cheo, ambaye amezoea kusifiwa. Ila angalia: Natani hakuishia kwenye fumbo. Alisema waziwazi, "Wewe ndiwe mtu huyo." Fumbo lisilofika hapo ni kijembe tu.

Vijembe ndiyo kasoro kubwa ya zama za simu. Mtu anaweka mstari wa Biblia kwenye status, anajua nani atausoma, na huyo naye anajua kwamba unamlenga yeye. Mhubiri naye anaweza kufanya hivyo mimbarani, akamshambulia muumini mmoja mbele ya mamia, na yule hana nafasi ya kujibu kwa sababu hakutajwa. Hiyo ni kuruka hatua ya kwanza na ya pili na kwenda moja kwa moja mbele ya kanisa, tena bila ujasiri wa kutaja jina. Aliyelengwa hatubu. Hujifunza tu kukaa kiti cha nyuma.

Asiposikia, hatua ya pili ni kuchukua mmoja au wawili. Msingi wake ni sheria ya mashahidi katika Kumbukumbu la Torati 19:15, ambayo ilimlinda mshtakiwa. Hivyo usiwachague marafiki zako waje kukuongezea nguvu. Chagua wanaoweza kukuambia mbele yake kwamba wewe ndiye mwenye kosa. Hatua ya tatu ni kanisa, yaani wale waliokabidhiwa uongozi, kwa utaratibu wa kanisa lako. Kuhusu kiongozi anayeshtakiwa, 1 Timotheo 5:19-20 inataka mashahidi wawili au watatu, na mstari unaofuata hautoi upendeleo: wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Jambo moja lisemwe bila kuzunguka. Mathayo 18 si agizo la kumtuma aliyepigwa au aliyebakwa akakae peke yake na aliyemfanyia hivyo. Jinai hupelekwa kwa mamlaka, ambayo Warumi 13 inasema imewekwa kwa ajili hiyo, na kanisa halichukui nafasi ya polisi wala daktari. Mtoto akikueleza kwamba amedhulumiwa, maneno yako ya kwanza ni machache: "Nakuamini. Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia." Usimwahidi kwamba utaficha, kwa sababu itabidi uvunje ahadi hiyo siku hiyohiyo. Usimhoji mara tatu nne ukitafuta maelezo. Andika alivyosema kwa maneno yake na uyapeleke panapostahili. Neno "mheshimu mzazi wako" likitumika hapa ni jiwe mkononi mwa mtu mzima.

Neno limeshatoka, sasa?

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyekwisha kujikwaa anahitaji kujua la kufanya. Mwana mpotevu ametuachia kiolezo: "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako" (Luka 15:21). Anataja kosa kuwa lake, anamtaja aliyekosewa, na hakuna "lakini". Hakuna njaa wala marafiki wabaya waliotajwa kama sababu, ingawa njaa ilikuwepo.

Kuomba radhi kunakoponya kuna sehemu hizi: taja neno ulilolisema kama lilivyokuwa ("nilikuita mvivu mbele ya wenzako"), taja lilichomfanyia, kubali kwamba ulikosa, sema utakachorekebisha, kisha mwachie nafasi. "Nisamehe kama nimekukwaza" haihesabiki. Neno "kama" linamrudishia mzigo aliyeumia, athibitishe kwanza kwamba ameumia. "Nilikuwa natania" ni mbaya zaidi, maana inamlaumu kwa kutocheka. Usidai msamaha papo hapo kwa kunukuu Baba Yetu. Anayeombwa ana wajibu wake mbele za Mungu, na huo si wako kuusimamia.

Marekebisho lazima yafike mahali neno lilipofika. Ulilisema kwenye kundi la watu 200, sahihisha kwenye kundi hilo, siyo kwa ujumbe wa faragha. Ulilisema mimbarani, lirekebishe mimbarani. Zakayo mtoza ushuru hakusema tu anajuta. Alitaja kiwango cha kurudisha, mara nne (Luka 19:8). Jina la mtu nalo ni mali aliyonyang'anywa.

Swali gumu zaidi ni hili: ulimsengenya mtu naye hajui. Je, uende ukamwambie? Wengine husema ndiyo, siku zote. Kwa maoni yetu, anza kwa wale uliowaambia. Rudi kwa kila mmoja na useme, "Nilichokuambia juu ya fulani sikupaswa kukisema, na sehemu hii haikuwa sahihi." Kama habari imekwisha kumfikia au itamfikia, nenda kwake upesi kabla wengine hawajafika. Kama haijamfikia na haitamfikia, kumwendea ili upate nafuu ya moyo kunaweza kumpa jeraha asilokuwa nalo. Ungama kwa Mungu na kwa kiongozi wako wa kiroho, na uache.

Kwa aliyefiwa au mgonjwa

Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja vizuri kabisa: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno (Ayubu 2:13). Walipofungua vinywa ndipo wakaharibu. Mwishoni Mungu anawakasirikia kwa sababu hawakunena yaliyo sawa (42:7), ingawa hotuba zao nyingi zingefaa kuhubiriwa mahali pengine. Kweli yao ilimwangukia mtu asiyestahili.

Acha kabisa "usilie". Yesu alilia njiani kwenda kaburini kwa Lazaro akijua anakwenda kumfufua. Acha "Mungu amempenda zaidi" kwa mzazi aliyefiwa na mtoto. Anasikia kwamba upendo wake ulishindwa mashindano. "Kazi ya Mungu haina makosa" inaweza kuwa imani ya mfiwa mwenyewe, na akiisema itikie, lakini usimwekee mdomoni. "Jikaze, una watoto" humwambia kwamba hata huzuni yake ni kosa jipya.

Sema "Pole sana", na ulitaje jina la aliyefariki. Wafiwa wengi huumizwa na jinsi jina hilo linavyopotea ghafla midomoni mwa watu. Dakika kumi za kukaa zinatosha kwa mgonjwa aliyechoka. Ukiombwa usome, Zaburi ya 88 inafaa kuliko watu wanavyodhani. Inaishia gizani, na mwenye maumivu hujua kwamba Biblia imefika alipo. Badala ya "ukihitaji chochote niambie", ambayo humwachia kazi ya kufikiri na aibu ya kuomba, sema unachokuja kufanya na siku yenyewe: "Alhamisi nitakuja kuwachukua watoto shuleni." Kisha weka tarehe kwenye kalenda yako ya wiki sita baadaye, wageni watakapokuwa wamekwisha kuondoka. Neno la wakati huo lina uzito kuliko hotuba zote za siku ya mazishi.

Mtu anayetaka kufa

Matendo 16 ina mfano wa wazi kabisa wa mtu aliyeokolewa kwa maneno. Tetemeko limefungua milango ya gereza la Filipi, na mlinzi, akidhani wafungwa wametoroka, amechomoa upanga ajiue. Paulo anapaza sauti kuu: "Usijidhuru nafsi yako, kwa maana sisi sote tupo hapa." Tazama yaliyomo. Lipo katazo la waziwazi, lipo jambo la kweli linalovunja lile alilodhani (wafungwa hawajatoroka), na upo uwepo wa watu: tupo hapa. Hakuna mahubiri ya dhambi ya kujiua. Swali la wokovu linakuja baadaye, nalo linaulizwa na yeye mwenyewe, akiwa ameshashusha upanga.

Ukiona mtu anagawa vitu vyake, anaaga, au anasema wengine watapumzika asipokuwepo, mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo, mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye limetajwa. Akisema ndiyo, endelea: "Umepanga namna gani? Kitu hicho unacho?" Majibu yanaonyesha hatari iko karibu kiasi gani. Usimwache peke yake. Viondoe vitu anavyoweza kujidhuru navyo, iwe dawa, sumu au silaha. Mpeleke hospitali, au piga simu ya dharura, na umwombe akutajie mtu mwingine wa kumwita. Usikubali kuitunza siri hii.

Usimwambie kwamba atakwenda motoni. Huenda tayari anaamini hivyo na bado maumivu yameshinda hofu. Usimwambie ana imani haba. Eliya aliomba afe chini ya mretemu (1 Wafalme 19), na malaika hakumkemea: alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baada ya siku arobaini. Kwa hiyo mwulize amekula lini, amelala lini. Omba kwa sentensi mbili, akikubali. Ukiachana naye mikononi mwa watu salama, taja saa utakayompigia kesho, na saa ikifika piga, hata kama una kikao.

"Maneno huumba"

Mithali 18:21, kwamba mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, imefanywa na wengine kuwa kanuni ya uchawi mweupe: ukilitamka linatokea, na ukikiri ugonjwa umeukaribisha. Madhara yake yanaonekana. Mgonjwa anaficha dalili kwa sababu kuzitaja ni "kukiri kushindwa", anaacha dawa, anachelewa kufika hospitali. Akizidiwa, anaambiwa kinywa chake ndicho kilichomponza. Lakini Yesu mwenyewe kule Gethsemane alisema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Kama kutamka uchungu ni ukosefu wa imani, tumkosoe yeye kwanza. Anayeumba kwa neno ni Mungu. Ulimi wa mwanadamu hujenga na kubomoa watu, na hilo ni zito vya kutosha.

Vilevile kwa anayeishi akiogopa laana aliyotamkiwa na mzazi au ndugu mwenye hasira: Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu, ni kama ndege anayetangatanga. Msomee mstari huo, kisha mwulize neno lenyewe lilikuwa lipi. Mara nyingi utakuta si laana ya kutisha bali sentensi kama "hutafika popote", iliyorudiwa mpaka mtoto akaiamini. Dawa yake ni neno jingine, likirudiwa vilevile na mtu anayeheshimika kwake. Anania, mwanafunzi wa Dameski, alipoingia kwa Sauli (yule aliyekuja kuitwa Paulo), ambaye kanisa zima lilimwogopa, alianza na "Ndugu Sauli" (Matendo 9:17).

Mazoezi ya kila siku

Yakobo 3:8 anasema hakuna mwanadamu awezaye kuufuga ulimi, na Luka 6:45 inaeleza sababu: kinywa hunena yaujazayo moyo. Mazoezi basi hayafanyiki mdomoni pekee. Asubuhi, kabla ya kushika simu, omba Zaburi 141:3, mstari mmoja unaomtaka Bwana aweke mlinzi kinywani. Usiku, kumbuka mazungumzo matatu ya siku hiyo, siyo yote. Nani aliondoka akiwa mdogo kuliko alivyokuja? Andika jina lake. Kesho kabla ya mchana mtafute. Ukijaribu kukagua kila neno utachoka siku ya nne na kuacha.

Mara moja kwa wiki chagua mtu mmoja na umwambie jambo jema ulilomwona akilifanya, kwa undani: siku, mahali, tendo. "Wewe ni mtu mzuri" husahaulika njiani. "Jumanne ulimngoja yule mzee mpaka akamaliza kusema, wakati sisi wote tulikuwa tumesimama" hukaa miaka.

Kwa wenye watoto, baraka ya Hesabu 6:24-26 ni fupi, maneno 15 tu katika Kiebrania. Mwekee mtoto mkono kichwani na uisome kila usiku kwa jina lake, hata siku aliyokosa na ukamwadhibu, hasa siku hiyo. Akikua akaanza kuona aibu, isome ukiwa umesimama mlangoni.